Mkwe Aliyeomba Mahali

Namsifu Mungu anayeleta mvua kwa wakati wake, aliyenijalia kuona watu wakiongezeka pale nilipozoea kuona ng'ombe. Namshukuru kwa miaka aliyonipa, na kwa kuwa bado nakumbuka.

Mtaa wetu, nje kidogo ya mji wa Geita, zamani ulikuwa ngitili ya baba yangu. Kwetu Wasukuma, ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue, yakafunguliwa kiangazi ng'ombe wasife njaa. Ya baba ilizungukwa na ua wa minyaa, na nyumba iliyokuwapo ni yetu peke yake.

Wachimbaji wa dhahabu walipoanza kupiga kambi ng'ambo ya kilima, baba hakuwachukia. Alihofia nyasi zake tu. Asubuhi moja, mvua zikianza, alikuja kijana mmoja kutoka Tanga, shati limejaa vumbi jekundu. Mimi nilikuwa barazani nikichambua pamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Mzee, nimekuja kuomba mahali."

Baba akainua kichwa. Dada yangu, aliyekuwa akitwanga uani, naye akaacha kutwanga. Ndimi zetu za Kisukuma hazitenganishi vizuri r na l. Mahari ya binti, sisi tulitamka mahali.

"Unaomba mahali?" baba akauliza. "Mwanamume hutoa, haombi. Kwenu Tanga mzazi wa binti ndiye anayetoa ng'ombe?"

"Ng'ombe sina, mzee. Nataka padogo tu, pa kulala mimi na mke wangu."

"Kumbe na mke unaye," baba akasema, akaanza kutafuta fimbo yake.

"Ninaye, na mtoto pia. Ndiyo maana nina haraka."

Dada akapaza sauti kutoka uani. "Baba, mwambie sitaki kuwa mke wa pili."

Aliyeelewa ni mama, kwa kuwa alikuwa akiuza maziwa mjini na kusikia Kiswahili cha kila namna. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzenu anataka kiwanja," alisema. "Binti yenu hamtaki."

Baba hakucheka. Alimuuliza kijana analala wapi. Kijana akasema wanalala bondeni, chini ya turubai, na mvua ya juzi ilipita chini ya mkeka wa mtoto. Baba akautazama ua wake kwa muda mrefu. Alijua kwamba akifungua sehemu moja, hataweza kuwafungia wengine. Kisha akainuka.

"Haya, mkwe. Twende nikuoneshe."

Alipima kona moja ya ngitili kwa hatua zake, akakata vijiti vya minyaa na kuvipanda mpakani kwa mikono yake. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu yule kijana akaitwa mkwe, na mimi akaniita shemeji, ingawa dada aliolewa kwingine, kwa ng'ombe wa kweli.

Hofu ya baba ilikuwa na sababu. Baada ya mkwe alikuja binamu yake, kisha mama mmoja muuza maandazi, kisha fundi baiskeli, na kila mmoja alikuja na ndugu zake. Ng'ombe wa mwisho walipelekwa kwa jamaa zetu huko Mhunze. Siku walipoondoka baba hakula chakula, na sitaki kusema kwamba hakuumia. Lakini palipokuwa na nyasi zile pana shule waliyosoma wajukuu wake. Pana kigango nilikofundisha katekisimu miaka mingi, na msikiti ambao adhana yake ya alfajiri huniamsha nikasali sala zangu. Mama aliwahi kunywa maji ya bomba kabla hajafa. Kwa hayo namshukuru Mungu kila siku.

Mwaka jana wapima ardhi walikuja kurasimisha makazi. Kwenye ramani yao barabara ya mtaa ilipita juu ya makaburi ya baba na mama, yaliyo jirani na kona ile ya kwanza. Mpimaji aliniambia kwa upole kwamba barabara inaweza kupinda, ila tu jirani akikubali kukatwa sehemu ya kiwanja chake.

Jirani ni mkwe. Sasa ana ndevu nyeupe na mabanda yake ya kuku yamefika mpaka kwenye ua. Nilimkuta barazani kwake. Nilikaa, nikanywa kahawa yake. Mwishowe nikasema, "Shemeji, nimekuja kuomba mahali."

Alinitazama. "Mahali au mahari? Sema vizuri. Ninyi Wasukuma hamweleweki."

"Mahali, shemeji. Pa wazee, barabara isipite juu yao."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia ndani, akatoka na panga, akaenda moja kwa moja kwenye ua wake.

"Mzee alinipimia kwa hatua zake," alisema akikata minyaa, "na alikuwa na miguu mirefu. Pa kupunguza papo."

Mabanda mawili ya kuku yalihamishwa. Barabara imepinda, makaburi yapo, na vijana wa bodaboda wakifika pale hupunguza mwendo. Wanapaita Kona ya Mkwe bila kujua ni mkwe wa nani.

Wewe unayesoma haya, uwe wa kanisani au wa msikitini, Mungu akupe mahali pakavu mvua zikija, na akupe jirani atakayesogeza ua wake kwa ajili yako. Amina.