Nguzo Nyuma ya Duka la Maua

Kikundi chetu cha mtandaoni huiita hobi. Mke wangu huiita ugonjwa. Kila Jumamosi, wakati watu wenye akili zao wanakwenda kuangalia nyumba za kununua, mimi hutoka Macquarie Fields na kamera kwenda kusaka nguzo za kuchongwa: zile ndefu zenye sura juu ya sura, ndege amemkalia dubu, dubu amemkalia chura. Asili yake ni Kanada huko, lakini Sydney nako zimo. Utazikuta kwenye viwanja vya watoto na kwenye shule ambazo koala amechongwa akiwa na miwani. Tunazipiga picha, tunaziweka kwenye ramani, tunapongezana. Dunia bado haijatushukuru.

Masharti tunayo pia. Nguzo ionekane yote, chini hadi juu, bila mtu wala taka. Msimamizi wetu, mstaafu ambaye nadhani alikosa jeshi la kuamrisha, aliwahi kukataa picha yangu kwa kosa la kivuli cha kidole.

Jumamosi moja nikasikia kuna nguzo nyuma ya duka la maua karibu na Fairfield. Nikaenda na binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hukijibu kwa Kiingereza. Tulikuta kitu kifupi, bapa, kama ubao uliosimamishwa kati ya vyungu, chenye kichwa kimoja cha duara. Hakuna ndege, hakuna dubu. Niliudhika, petroli yote ile kwa ajili ya ubao. Jua lilikuwa kali, nikavua koti, nikalitundika shingoni mwake, nikainama kurekebisha lenzi.

Ndipo nikaona pembetatu zilizochongwa kifuani, safu kwa safu, na mabaki ya rangi nyekundu. Nikalitoa lile koti upesi. Kile kilikuwa kigango.

Kwetu Wagiriama wa pwani ya Kenya, mzee wa heshima akifa, wanawe humchongea kigango na kukisimika nyumbani. Kuanzia hapo ndicho yeye mwenyewe. Huambiwa habari, humwagiwa tembo la mnazi, na hahamishwi. Wezi hawakusomewa sharti hilo; huving'oa na kuviuza ng'ambo kama mapambo. Cha babu yangu kiliibwa nikiwa shule ya msingi, na tangu hapo baba ana maelezo ya kila kitu. Mahindi yakikauka, ni babu. Ng'ombe akiharibu mimba, ni babu. Mimi kuhamia Australia, babu tena. Ila najua baba hajalala vizuri tangu siku ile, na hilo halinichekeshi.

Mwenye duka, mama mpole, aliniambia alikikuta hapo aliponunua duka, na kwamba kinafaa sana kufungia mbwa. Nikamshukuru kwa taarifa. Kisha nikamtumia baba picha.

“Dad, can we go? It's just a pole.”

“Subiri. Labda ni babu yangu.”

Binti akanitazama kama mama yake anavyonitazama. Simu ikalia, ya video. Baba hakusalimu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

“Geuza simu nimwone kifuani.”

Nikageuza. Akaniambia nisogeze karibu zaidi.

“Mzee wangu ana maua mawili chini ya shingo. Huyu hana.”

“Una hakika, baba?”

“Nilisimama pale fundi akichonga. Si yeye.”

Sikumbuki kutamani kitu maishani kama nilivyotamani awe yeye.

“Yuko na nani hapo?” baba akauliza.

Nikatazama. Vyungu, mfuko wa mbolea, bakuli la maji ya mbwa.

“Yuko peke yake.”

“Basi usiondoke hivihivi, mwanangu. Msalimie. Mwambie wewe ni mtoto wa nani.”

Nikachuchumaa kati ya vyungu, nikamtajia jina la baba na la babu, kwa Kigiriama, kwa sauti, huku mwenye duka akinitazama dirishani. Kisha nikamwomba radhi, kwamba alikuwa akimngoja mwanawe, nami siye.