Mkono Ambao Sikuuinua

Kosa langu ni la kijinga kiasi kwamba nikimsimulia mtu, husubiri sehemu iliyobaki, akidhani haliwezi kuwa hilo tu. Ni hilo tu. Niliambiwa niinue mkono kila ninapoacha kuelewa, na sikuuinua hata mara moja.

Mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili, na wakati huo alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Mimi niliishia kidato cha nne. Hutengeneza pasi na redio za majirani kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, hapa kwenye fleti yetu ya mtaa wa Fedha, na sababu kubwa ya kuipenda kazi hii ni kwamba hainilazimishi kuvaa viatu. Kwenda Buruburu, mtaa usio mbali, kwangu ni safari. Nikienda mjini, huaga watu.

Pendekezo la utafiti wake lilikuwa limekwisha rudishwa na jopo. Walimu wa jopo walisema wazo ni zuri ila maandishi hayasomeki. Likirudishwa tena, angengoja mwaka mwingine, na shule anakofundisha ilikuwa imempa ruhusa ya mwaka huo peke yake. Tulijua wote wawili kwamba akirudi darasani mikono mitupu, asingetoka tena. Hatukulisema. Tulikuwa tukisema mambo ya gesi na maji.

Hapo ndipo alipoelekezwa kwenye chumba fulani cha chuo ambacho wanafunzi wanakiita kliniki ya uandishi. Aliponitajia, nilimuuliza kama watamdunga sindano. Akanieleza kuwa ni mahali ambapo wanafunzi wa uzamili na uzamifu hupeleka kurasa zao, wakakaa na mshauri wakazipitia pamoja. Mshauri wake alikuwa dada mmoja mpole ambaye hakukubali kushika kalamu. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali tu. Na alikuwa na sharti moja: kabla ya kurudi kwake, usome sura yako kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani asiye wa fani yako. Huyo mtu ainue mkono anapopotea. Mkono ukiinuka, unaweka alama ya penseli hapo, basi. Hakuna kubishana.

"Mtu wa nyumbani asiye wa fani," nikasema. "Hiyo kazi nimesomea."

Basi kila Jumamosi asubuhi, mimi nikichambua mboga ya sukuma, yeye alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni na kusoma. "Utafiti huu unalenga kuchanganua mikakati ya kimawasiliano inayoibuliwa na washiriki katika muktadha wa miamala ya rejareja isiyo rasmi." Alisoma vizuri, sauti ya darasani ile. Hata cherehani ya jirani yetu fundi wa nguo, ambayo huunguruma nyuma ya ukuta wa jikoni tangu asubuhi, ilikuwa ikinyamaza. Nilidhani ni heshima.

"Umepotea?" mke wangu aliniuliza.

"Mimi? Endelea."

Ningesema nini? Mtu amenioa nikiwa sina cheti cha maana (ndiyo, yeye ndiye aliyenioa, ulizeni jamaa zake), leo niinue mkono kwenye sentensi ya kwanza? Nikasema nitauinua kwenye ya pili. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Baadaye nikaona nimeshachelewa: ukinyamaza ukurasa mzima, kisha ukainua mkono kwenye wa pili, utaulizwa ulikuwa wapi. Kwa hiyo nikatikisa kichwa kwa uzito, kama mzee wa kanisa wakati wa mahubiri, na mara mojamoja nikatia "naam" mahali nilipodhani panafaa. Naam moja iliangukia katikati ya neno.

Jumamosi ikafuatwa na Jumamosi. Kurasa zilikuwa safi, hazina alama hata moja. Mke wangu akaanza kupata matumaini, na hilo ndilo lililonitia baridi, kwa sababu matumaini yake yalikuwa yamejengwa juu ya shingo yangu.

Siku moja akarudi kutoka kliniki na uso ambao sikuuelewa. Hakutua hata mkoba.

"Mshauri ameniuliza kama ninaishi na profesa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninaishi na fundi wa pasi. Akasema sura hii haiwezi kusomwa kwa fundi wa pasi mkono usiinuke. Akasema hata mkono wake yeye umeinuka mpaka umechoka." Akakaa kwenye kigoda. "Hebu niambie, kwa maneno yako. Utafiti wangu unahusu nini?"

Niliangalia redio iliyokuwa wazi mbele yangu. Haikunisaidia.

"Benki," nikasema.

"Benki gani?"

"Zile... za rejareja. Si umesema miamala?"

Nyuma ya ukuta, cherehani ikasita. Kisha mke wangu akafunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikaanza kutubu kwa maneno yasiyo na mpangilio, hadi nilipotambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akateremka kutoka kwenye kigoda na kukaa sakafuni.

"Baba, hakuna benki humo! Ni mama mboga! Ni yule wa hapo getini! Nachunguza anavyoita watu!"

"Sasa mbona hukusema ni mama mboga?"

Akaacha kucheka. Akanitazama, halafu akazitazama kurasa zake kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake.

"Rudia hilo swali," akasema, huku akitafuta penseli.

Wiki iliyofuata mshauri akataka nipelekwe. Ndiyo, mimi. Nikavaa viatu. Nikavaa na koti la harusi, maana sina jingine, na mke wangu akaniambia nimependeza kama bwana harusi aliyeachwa. Kliniki yenyewe kweli ilifanana na zahanati: watu kwenye benchi, kila mmoja amekumbatia karatasi zake kama mtoto mwenye homa. Mbele yetu mwanafunzi mmoja wa uzamifu, mwanamume mwenye mvi nyingi kuliko zangu, alikuwa akiulizwa kwa upole, "Hapa ulitaka kusema nini?" Akajibu, akapangusa jasho. "Basi andika hivyo ulivyoniambia." Naye akaandika, mdogo mdogo, kama mtoto wa nasari. Nilijisikia vizuri ajabu. Kumbe kupotea hakuulizi umesoma mpaka wapi.

Zamu yetu ilipofika, mshauri hakunikaripia.

"Wewe ulidhani ukiinua mkono unajipima wewe," akasema. "Unaipima sentensi. Usimhurumie mama. Jopo halitamhurumia."

Nilirudi nyumbani nimepewa cheo, na cheo kwa mtu kama mimi ni hatari. Jumamosi hiyo niliinua mwiko badala ya mkono, ili nisiache kupika. Uliinuka kwenye neno la nne.

"Hata hatujafika kwenye nukta!" akalalamika.

"Hakuna kubishana. Weka alama."

Kurasa zikajaa penseli. Kuna asubuhi aliniita adui wa elimu. Kuna asubuhi nilitupiwa kitunguu, nacho nikakikata nikakikaanga. Lakini kila alama ilimfanya aache karatasi na kuniambia jambo lenyewe kwa mdomo, na kila aliponiambia kwa mdomo, nilielewa papo hapo. Basi nikawa nasema kama yule dada, "Andika hivyo ulivyoniambia." Mwisho sentensi ile ya benki ikawa hivi: "Nataka kujua kwa nini muuza mboga humwita mteja mmoja mama na mwingine kastoma, na jinsi kila jina linavyobadilisha mazungumzo yao." Mwiko ukabaki kwenye sufuria. Nikamwambia hata mimi nimewahi kujiuliza. Mimi huyo mama huniita "wewe".

Siku ya jopo sikutengeneza kitu. Nilifungua pasi ya mtu nikaifunga, nikaifungua tena. Niliweka githeri motoni kisha nikaisahau, na nilipoikumbuka ilikuwa imeshikana na sufuria. Ndipo simu ikalia.

"Wamepitisha," mke wangu akasema. "Marekebisho madogo tu. Mmoja wao amesema ameelewa kila kitu kuanzia mstari wa kwanza, akauliza nimefanyaje."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nina mume mgumu kuelewa."

Sijawahi kusifiwa hivyo. Nilikaa kwenye kigoda chake mlangoni, moshi wa githeri ukipita juu yangu kutafuta dirisha. Sikuinuka kuupisha. Kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwaka, nyumba ilikuwa na nafasi.

Moshi ndio uliomleta jirani. Fundi wa nguo aliingia bila kubisha, utepe wa kupimia shingoni, akazima gesi, akaangalia sufuria, akasikitika. Nikampa habari. Akapiga kigelegele kilichowatoa watu kwenye veranda hadi ghorofa ya juu. Alipotulia, nikaona ni wakati wa kumshukuru kwa kuzima cherehani kila Jumamosi ili mama asome kwa utulivu.

"Utulivu gani? Nilikuwa nasikiliza," akasema. Kisha nikamweleza, kwa kuwa furaha hunifanya niropoke, habari yote ya mkono, na benki, na zile naam zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono, hacheki. Halafu akasema:

"Shemeji, siku zile zote mimi nilikuwa sielewi kitu, nikalaumu ukuta. Wewe ulikuwa unalaumu nini?"