Vidonge vya Jumamosi

Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo, na mimi na watoto tunaishi Kihesa, Iringa mjini. Huja nyumbani kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, na Jumatatu alfajiri anaondoka. Basi nilipoanza vidonge vya uzazi wa mpango nilipiga hesabu zangu mwenyewe: baba watoto yupo siku mbili, ya nini nimeze siku zote? Nikawa nameza Jumamosi na Jumapili tu. Pakiti ya mwezi mmoja ilinifikisha nusu mwaka, na nilijiona mjanja kweli.

Ujanja huo sikuubuni mimi. Alinifundisha jirani yangu, msusi, ambaye mumewe anaendesha lori la Tunduma. Pale saluni kwake wengi wetu waume zetu wako njiani au kwenye mashamba ya chai, na nusu yetu tulimeza hivyohivyo. Tulishauriana kwa uhakika ambao hata daktari hana.

Wakati huo nilikuwa na barua ya kujiunga na chuo cha ualimu. Niliificha kabatini chini ya vitenge vya sikukuu, na kila baada ya siku mbili tatu niliitoa nikaisoma tena. Nafasi kama hiyo niliwahi kuipata zamani, nikaipoteza kwa mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nampenda mwanangu huyo kuliko macho yangu, lakini nafasi ile niliililia.

Wiki tatu kabla ya kuripoti chuoni, siku zangu zikachelewa. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kalenda ya simu. Jioni nikalia nikimenya viazi, na watoto walipouliza nikasingizia vitunguu, ilhali kitunguu chenyewe hakikuwepo.

Kesho yake nilikwenda kliniki. Nesi, mama mtu mzima, alinipima, akaniambia hakuna mimba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaniuliza vidonge navimeza vipi, nami nikamweleza, tena kwa fahari kidogo. Akaweka kalamu mezani.

"Mwanangu, hii siyo dawa ya kichwa useme unameza kikianza kuuma," alisema. "Ni kila siku, baba awepo, asiwepo. Mpaka hapa umebebwa na bahati tu."

Akaniletea kisanduku cha sampuli. Nilizikagua kama mtu anayechagua kitenge dukani, nikigusa na kuuliza. Vidonge vya kila siku siviwezi. Mimi husahau hata chumvi kwenye maharage. Sindano ya miezi mitatu niliwahi kuchomwa, siku zangu zikakatika. Nesi alisema hilo ni la kawaida wala halina madhara, lakini mimi nakumbuka jinsi kila mwezi nilivyodhani nimenasa. Kijiti cha mkononi kimemkubali sana dada yangu. Kitanzi cha shaba ndicho kilichonivuta: hakina homoni, hukaa hata miaka kumi, na hakijali ratiba ya Mgololo. Nesi hakunificha kwamba miezi ya mwanzo hedhi huweza kuwa nzito na tumbo likanyonga, na kwamba hakizuii magonjwa ya zinaa. Hayo ni kazi ya kondomu. Alisema hakuna njia iliyo bora kwa wote, ipo inayokufaa wewe.

Mume wangu alipokuja nilimweleza yote. Akaendelea kula ugali wake mpaka mwisho. Nilijua anatamani mtoto wa tatu, na niliogopa. Jumatatu badala ya kuondoka akaomba ruhusa kazini, tukaenda wote kliniki. Siku zangu zilikuwa zimeshakuja. Aliuliza swali moja tu: tukimtaka wa tatu itakuwaje? Nesi akamjibu kwamba kikishatolewa, naweza kushika mimba bila kusubiri.

"Basi chuo kwanza," akasema mume wangu. Ningemkumbatia palepale, ila nesi alikuwa anatutazama.

Nikawekewa kitanzi siku hiyohiyo. Kutoka hapo nilipitia saluni kuwaonya wenzangu. Walicheka sana, halafu mmoja mmoja wakaanza kuhesabu vidole. Jirani yangu peke yake hakuhesabu. Aliendelea kusuka, akasema ana miezi minne.

Kitanzi kilinisumbua mwezi wa kwanza. Kufikia wa tatu nilikuwa nimekisahau. Mtoto wa jirani alizaliwa nikiwa nimeshaanza masomo. Asubuhi moja nilipita saluni nimevaa sare ya chuo, jirani yangu akanipakatisha mwanawe. Alikuwa mnono, akanichekea kwa fizi tupu.

"Huyu ndiye Jumamosi yangu," mama yake alisema, akimwangalia kwa mapenzi kabisa.

Tulifanya kosa lilelile, yeye na mimi. Nilimbusu mtoto, nikamrudisha kwa mama yake, nikawahi darasani.