Banda la Moshi Lisilotaka Moshi

Jirani wa Stamenka anasema anajenga banda la kukaushia nyama kwa moshi, ila ukilichungulia utadhani ni zahanati. Kuta kazivisha vigae vyeupe. Kila asubuhi humwaga ndoo ya maji sakafuni, akachuchumaa kuyatazama yanavyoteremka kwenye tundu la bomba, kama mzazi anayemtazama mwanawe akianza kutembea. Yakituama kidogo tu pembeni, huchukua nyundo akabomoa, akamimina saruji upya.

"Mafuta yote yatateremka yenyewe, na masizi nitayafuta kwa kitambaa," humwambia Stamenka kutoka upande wa pili wa ua, akisugua kucha zake kwa brashi. "Sio kama lako, jirani, lina masizi tangu enzi za babu yako!"

"Masizi hayohayo ndiyo yaliyokufanya ujilambe vidole ulipokula nyama yangu Krismasi," Stamenka humjibu.

Novemba ikafika, nguruwe wakachinjwa kijiji kizima, na kila ua ukafuka moshi isipokuwa mmoja. Jioni jirani akabisha hodi kwa Stamenka, paja la nguruwe begani, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, kwapani, macho chini.

"Jirani, nitundikie kwako basi. Langu nimeshalipiga deki."