Mfagiaji Anayewahi Maua ya Maboga

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Amechuchumaa katikati ya maboga, daftari gotini, ufagio umelala pembeni kama mtu aliyepewa likizo. Umande umelowesha viatu vyake. Ua la kwanza linafunguka, na nyuki mmoja anatumbukia ndani.

"Karibu, bosi," anamwambia, kisha anaandika saa.

Barua yake ya ajira inasema kazi yake ni kufagia maabara ya kituo hiki cha utafiti wa nyuki. Ana umri wa miaka arobaini na miwili, watoto watatu, na miaka kumi na moja ya kupangusa meza za watu wanaofanya kazi anayoitamani yeye.

"Naitamani mpaka inaniuma," anasema. "Nikipiga deki nasoma mabango yao ukutani. Deki ya dakika kumi inanichukua nusu saa."

Daftari lilianza kwa kosa la wasomi. Misimu mitatu iliyopita, watafiti waliandika kwamba maboga ya shamba hili hayatembelewi na mdudu yeyote. Walikuwa wakifika saa tatu, wakishamaliza chai. Jamani! Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda kidogo limeshajikunja. Walikuwa wanapiga hodi kwenye duka lililofungwa.

"Nilikaa kimya wiki nzima. Nani atamsikiliza dada wa deki? Mwishowe nikamwambia mkuu wa maabara, 'Samahani daktari, mnachelewa wenyewe.' Alicheka. Kesho yake alikuja na tochi."

Mkuu huyo, mama mpole ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, hafichi kitu. "Alituumbua, akatuokoa," anasema. "Ripoti ilibidi tuiandike upya. Nusu ya hesabu zilizomo ni zake."

Ukurasa wa mwisho wa ripoti hiyo unawashukuru "wahudumu wa kituo". Mfagiaji anayo nakala yake, ameikunja ndani ya daftari. Anaifungua, anaisoma, anaikunja tena.

"Wahudumu tuko sita," anasema taratibu.

Sasa kituo kimetangaza mafunzo ya mwaka mmoja kuhusu wachavushaji, yaani wadudu wanaobeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Anayefuzu huajiriwa kuwa mtafiti msaidizi. Mkuu ameshamwandikia barua ya kumpendekeza. Kinachokosekana ni cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa biolojia, na biolojia ndiyo aliyoanguka.

"Unajua swali gani niliacha wazi?" anauliza, anacheka huku macho yamemlowa. "La uchavushaji! Mwalimu anachora ua ubaoni, mimi nachungulia dirishani."

Amejiandikisha kurudia mtihani. Bintiye wa mwisho, aliye kidato cha tatu, ndiye anayemfundisha mezani jikoni.

"Mama mbishi huyu, we acha tu!" binti analalamika. "Kitabu kikisema nyuki hutembelea ua, yeye anauliza, saa ngapi?"

Zimebaki wiki tatu. Mtihani utaanza saa mbili asubuhi, na mkuu amempa ruhusa ya siku nzima.

"Siku nzima ya nini?" anashangaa. "Saa mbili nitakuwa nimeshahesabu, nimenawa, nimekaa kwenye dawati."

Kwenye jalada la daftari, chini ya mstari wa jina, ameandika "mtafiti msaidizi". Ameandika kwa penseli, hafifu, unalazimika kuinama ili usome. Kalamu ya wino anayo mfukoni. Ameinunua mapema, na bado hajaifungua.