Kompyuta yangu si chafu

Leo mashine imenitukana ndani ya nyumba yangu, hapa hapa Kwaluguru.

Binti yangu Zuhura ananisomea kwenye kioo: "Mama, inasema kompyuta ni chafu. Tusipoisafisha sasa hivi mafaili yatapotea."

Chafu? Naifuta kila asubuhi kwa kipande cha kanga!

Lakini moyo ukanienda mbio. Humo ndimo ilimo sauti ya marehemu mume wangu akisoma dua, na simu iliyoirekodi ilishakufa.

Zuhura akabonyeza "safisha". Ikasema tayari. Hatujakaa sawa, uchafu umerudi, mwingi kuliko wa kwanza, na sasa inataka ilipwe!

Nikamwambia, "Acha! Hii programu ya kusafisha aliikaribisha nani?"

Akainamisha kichwa. "Sijui, mama. Jana nilipakua programu ya kuchapia, naona na hii ikajipenyeza."

Yaani imeingia bila hodi, halafu inanifundisha mimi usafi. Itoe!

Akafungua sehemu yenye programu zote, akabonyeza "ondoa". Ikatutisha tena: una uhakika? Utapoteza kila kitu.

Mtoto akanigeukia. Na mimi niliogopa, sisemi uongo. Nyie mnaocheka, mngefanyaje?

"Nimesema toa."

Ikatoka. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha, tukaitafuta ile sauti. Kimya.

Kisha mzee wangu akakohoa humo kwenye kompyuta, akasema kama siku ile tulipomrekodi: "Mama Zuhura, hebu nyamaza kwanza, nisome."

Nikanyamaza.