Picha Kumi na Moja kutoka Nyumbani kwa Lokorio

Watu wa Kakuma walisema Namuria ana moyo mzuri. Ni kweli, ila moyo huo ulikuwa na stoo, na ndani ya stoo hiyo, kwa miaka miwili, alikuwa amemfungia mtu mmoja tu: Lokorio, kaka wa marehemu mumewe Ereng.

Ereng alipozikwa, Lokorio alikuja kutoka Lodwar na pikapu ya kukodi. Alilia vizuri kuliko wote. Siku ya tatu akapakia cherehani ya miguu ya Namuria, pasi yake ya makaa, mkasi, godoro, sola, sanduku la bati na sufuria mbili, akieleza kwamba vitu vya nduguye lazima vikae kwenye ukoo. Cherehani Namuria aliinunua mwenyewe, kabla hata hajaolewa, na kwa cherehani hiyo aliwashonea nusu ya wanawake wa kambi ya wakimbizi. Bila hiyo alibaki kubandika vifungo kwa mkono.

Alisafiri hadi Lodwar kwa chifu. Chifu alimsikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, risiti iko?"

Haikuwepo.

"Basi lete ushahidi."

Ushahidi ulichelewa, lakini ulikuja umevaa kizibao cha bluu. Shirika moja lilikuwa linatengeneza programu ya simu ya kutambua vitu vya kawaida vya nyumbani, kwani ilisemekana kamera za duniani zinaijua mashine ya kuoshea vyombo, ila zikionyeshwa kibuyu cha maziwa zinadhani ni kofia. Wakaajiriwa wapiga picha, Namuria akiwemo, pamoja na rafiki yake Achan, Msudani Kusini wa kambini. Kazi ilikuwa nyepesi: piga picha ya kitu, andika jina lake, kisha mwenye nyumba aseme kwa sauti ni cha nani na kina kazi gani. Bila jina la mwenye kitu, programu iligoma kuendelea.

Haikupita wiki kabla Namuria hajagundua jambo ambalo shirika halijaligundua mpaka leo. Kuanzia Lokichar hadi Kakuma, mtu akitokea na kizibao akaanza kuandika vitu vya watu, wenyeji huelewa jambo moja tu: wanatafutwa maskini wa kupewa msaada. Hapo televisheni huingia uvunguni na pikipiki hulala kwa binamu. Kile kisichofichika huwa cha kuazima.

Zamu ya Lodwar ilipofika, alimwomba Achan amshikie mtaa mmoja wa Kanamkemer.

"Nyumba yenye mlango wa kijani," alimwambia. "Uwe mpole. Mwite mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nakunywa chai."

Alikaa kwenye hoteli ya pili kutoka hapo, simu mkononi. Wawili hao walitumia akaunti moja ya kazi, hivyo kila alichopiga Achan kilidondoka kwa Namuria, picha na sauti. Ya kwanza ilikuwa sufuria. Aliitambua kwa mpini uliokunjwa. Akasikiliza Achan akianza kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, mzee. Sufuria hii ya nani?"

"Hiyo? Si yangu, dada. Ya jirani."

"Jirani anaitwa nani? Nipite kwake nihakikishe."

Namuria aliweka kikombe chini. Lokorio alikuwa anatafuta jina, na ilibidi liwe la mtu wa mbali, asiyeweza kuulizwa leo.

"Nimesahau, dada. Ni ya shemeji yangu, Namuria. Mjane wa ndugu yangu Ereng. Yuko mbali, huko Kakuma."

Baada ya hapo mambo yalitiririka. Sufuria ya pili, ya Namuria. Pasi, mkasi, sola, sanduku. Godoro. Kisha cherehani.

"Na hii?"

"Ya Namuria kabisa. Alinunua mwenyewe."

Hakuna aliyemwomba aongeze hilo. Alikuwa ameanza kunogewa na umaskini wake.

Vinane vilitimia, na Namuria alikuwa tayari kulipa chai aondoke, picha zikazidi kuja. Kiti cha plastiki. Redio. Hakuwahi kuviona maishani mwake. Ya kumi na moja ilikuwa jozi ya viatu vya ngozi, namba arobaini na tatu, vikiwa bado na miguu ya Lokorio ndani.

"Hata viatu, mzee?"

"Namuria alinihurumia."

"Sasa wewe una nini?"

"Mimi ni wa kuombewa tu, dada yangu."

Mwishoni alitia dole gumba kwenye fomu kukubali kwamba maelezo yake yatumike kwa manufaa ya jamii. Namuria alijihesabu kuwa jamii.

Jumatatu, mbele ya chifu, Lokorio aliyeitwa, na watu waliofuata shida zao wenyewe, Namuria alichezesha sauti zote kumi na moja bila kuruka hata moja. Watu walianza kucheka kwenye godoro. Kwenye viatu mama mmoja ilibidi atolewe nje.

"Hii sauti ni yako?" chifu aliuliza.

"Ni yangu, lakini nilisema hivyo kwa sababu ya msaada."

"Yaani ulidanganya upate msaada wa maskini?"

Lokorio akatazama pande zote. Mwizi au tapeli, viti vilikuwa viwili na kimoja lazima akikalie.

"Sikudanganya," alisema hatimaye.

"Basi rudisha."

Saa sita mchana vitu vilikuwa vimepangwa uani kwa Lokorio, Achan akivihakiki kwa picha zake. Lokorio alimsogelea Namuria, akashusha sauti.

"Shemeji, cherehani chukua. Lakini redio, kiti na viatu ni vyangu, unajua."

"Najua," alisema Namuria. "Vua."

Alivua. Mchanga wa Lodwar saa hiyo hauna utani na nyayo za mtu. Vingine vilipakiwa kwenye mkokoteni. Cherehani ilikosa nafasi, au Namuria alisema imekosa, ikapanda begani kwa Lokorio kuelekea steji ya magari ya Kakuma. Alitembea kwa vidole, kama mtu anayenyemelea kuku, na wapita njia wakasimama kumpisha.

"Nimwitie boda?" Achan aliuliza.

"Haraka ya nini," alisema Namuria, akapunguza mwendo.